Ole Wenu Mnaosema "Bado Inatembea"

Sikieni, enyi wenye magari! Wenye Ijumaa na wenye Jumapili, mnaoendesha Vitz ya mkopo na mnaoendesha Land Cruiser ya urithi, sogeeni karibu, maana leo sina maneno laini.

Nilipita mtaani Jumamosi asubuhi nikaiona ibada yetu. Gari limetolewa nje ya geti. Ndoo tatu za maji, povu mpaka barabarani, kijana anasugua rimu kwa mswaki wa meno, dashibodi inapakwa mafuta mpaka inang'aa kama paji la bwana harusi. Marashi mapya yananing'inizwa kwenye kioo. Kisha mwenye mali analizunguka mara mbili, anajitazama kwenye mlango, anatabasamu, anaondoka zake. Boneti haikufunguliwa. Wiki iliyopita nayo haikufunguliwa. Mwulize ilifunguliwa lini mara ya mwisho, atakwambia: "Siku ile betri ilipokufa."

Na ukimwambia, ndugu, kuna mlio pale mbele, anakujibu kwa maneno mawili ambayo leo nimekuja kuyatangazia vita. Bado inatembea.

Bado inatembea! Breki zinalia kama paka aliyebanwa mlangoni, bado inatembea. Taa ya injini imewaka tangu Ramadhani ya mwaka juzi, bado inatembea. Usukani unavuta kushoto mpaka bega linauma, bado inatembea. Ndugu yangu, hata kuku aliyekwisha kuchinjwa hutembea hatua kadhaa.

Sihubiri kama mtakatifu. Mimi ni mwenye dhambi niliyetubu kando ya barabara, juani, mbele ya watoto wangu.

Ilikuwa Desemba. Tunakwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, buti limejaa mchele, mafuta ya kula na zawadi za wazee. Kwa miezi mitatu kabla ya safari ile, kila asubuhi nilikuwa naongeza maji kwenye rejeta, chupa ya lita moja na nusu, na nilijiona mtu makini sana. Wala sikujiuliza hata siku moja yale ya jana yamekwenda wapi. Mfumo wa kupozea injini umefungwa. Maji yake hayanywewi na mtu. Yakipungua kila siku, yametoka mahali, na mahali hapo patakua.

Tulipita Chalinze, tukapita Segera, tukanywa chai Korogwe. Baada ya Mombo joto la tambarare likaanza kutuchoma, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Mama watoto akasema, simama. Nikasema, tufike Same kwanza. Akasema tena, simama. Nikasema yale maneno mawili.

Hatukufika Hedaru. Moshi mweupe ulitoka nyuma kama tumechoma nyasi mbichi, injini ikakosa nguvu, ikazima. Nilipochomoa kijiti cha oili, kilikuja na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Aliyewahi kuiona chai hiyo anajua: maji na oili vimekutana, gasketi imeungua. Fundi aliyeshusha silinda hedi baadaye aliilaza kwenye kioo akanionyesha ilivyopinda. Gari lilivutwa kwa kamba. Sisi tukamalizia safari kwa basi, tumesimama, nguo za sikukuu za watoto zikiwa ndani ya shangazi kaja. Na chanzo cha yote? Mpira mmoja wa maji uliopasuka ufa mdogo, bei yake pungufu ya ile chai tuliyokunywa Korogwe. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sirudii.

Basi nianzie hapo hapo palipoungulia, kwenye maji.

Fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi. Nasema baridi! Mfuniko wa rejeta umetengenezwa kushikilia mgandamizo, na ndani ya mgandamizo ule maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukiufungua gari likiwa la moto, yanalipuka yote kwa mpigo, na pa kwanza kupokea ni uso wako. Wangapi wana makovu ya mfuniko huo kifuani? Subiri. Nusu saa ya kukaa chini ya mti haijawahi kumwua mtu.

Tazama kopo la akiba lililo pembeni, lina mistari miwili ya kiwango. Weka kulanti, siyo maji ya bomba, na usiweke kamwe maji ya mtoni wala ya kisima chenye chumvi. Kulanti siyo rangi ya mapambo: inazuia kutu, na inachelewesha kuchemka. Maji ya chumvi yanajenga ukoko ndani ya rejeta kama ule mnaouona chini ya birika la chai, na njia za maji zikiziba, feni hata ivume kama ndege haitasaidia.

Na hapa nina neno kwa mafundi wetu, nao ni ndugu zangu. Nani aliwafundisha kung'oa themostati? Gari likichemsha tu, themostati inatolewa na kutupwa, mteja anaambiwa, "Hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Uongo! Themostati inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuitunza hapo. Bila hiyo injini ya petroli inakula mafuta zaidi kwa sababu inajiona ina baridi, na kwenye injini nyingi za Toyota maji yanapata njia ya mkato yasipite kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha. Halafu feni inapigwa dairekti, izunguke tangu ufunguo unapowashwa mpaka unapozimwa, usiku na mchana, mpaka mota yake ife. Huko ni kumfunga mgonjwa mdomo ili asilalamike. Aliyeharibika ni sensa au swichi, mtafuteni huyo.

Mshale ukipanda safarini, zima kiyoyozi, washa hita na feni yake mpaka mwisho. Ndiyo, hita, kwenye joto la Mkomazi! Inavuta moto kutoka kwenye injini na kukuletea wewe. Utatoka jasho, lakini injini itapumua mpaka upate mahali salama pa kusimama. Kisha usimame. Mimi sikusimama.

Oili sasa.

Mtu anasema, nilimwaga oili mwezi wa tatu, na kilomita bado hazijafika. Kilomita! Wewe unayekaa Mbagala na kufanya kazi Mwenge, unadhani injini yako inahesabu kilomita? Saa nzima umesimama kwenye foleni, gari halijasogea hata mita 100, injini imezunguka saa nzima, moto, bila upepo. Oili haijui kwamba hujafika popote. Mafundi wengi hapa wanashikilia kilomita 5,000, na kitabu cha gari lako ndicho hakimu wa mwisho. Ila vitabu hivyo hivyo vinasema vumbi, foleni na safari fupifupi ni matumizi magumu, na muda wake ni mfupi zaidi. Soma ukurasa huo.

Pima mwenyewe. Gari kwenye usawa, injini imezimwa dakika kadhaa, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kuna alama mbili, na oili ikae katikati yake. Ikizidi sana nayo ni hasara, kwa sababu vyuma vinavyozunguka chini vitaichapa mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Usiogope weusi peke yake, maana oili nzuri hubeba uchafu, hiyo ndiyo kazi yake, na kwenye dizeli inabadilika rangi mapema sana. Ogopa ikipungua. Ogopa ikinuka petroli. Ogopa ile chai ya maziwa.

Na ile taa nyekundu yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone moja, ikiwaka unaendesha, maana yake siyo "nikifika sheli nitaangalia". Maana yake mgandamizo wa oili umeondoka, chuma kinasaga chuma sasa hivi unapofikiria. Ondoka barabarani, zima. Dakika mbili za kusema "sheli ipo pale mbele tu" zimenokisha injini nyingi kuliko ajali.

Chujio la oili likae jipya kila unapomwaga. Kumwaga oili na kuacha chujio lile lile ni kuoga na kuvaa shati la jana.

Nimefika kwenye breki, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu.

Kila mwaka tunasoma habari kwamba gari lilifeli breki. Tunaisoma kama tunavyosoma habari ya radi. Lilifeli! Kama vile breki ziliamka asubuhi zikaamua. La hasha. Zilikuwa zinafeli kwa miaka miwili, mchana kweupe, zikipiga kelele. Watengenezaji wengi huweka kwenye pedi kijibati kidogo ambacho, pedi ikikaribia kuisha, kinagusa diski na kulia. Mlio ule umewekwa makusudi na mhandisi aliyekaa akakufikiria wewe usiyemjua, na wewe unaongeza sauti ya redio.

Halafu kuna mafuta ya breki, ambayo hakuna anayeyakumbuka kwa sababu hayaishi. Tatizo lake ni unyevu. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni. Kwa viwango vyake, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishalowa, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Mjini hutaona tofauti. Unakanyaga, linasimama, unasema bado inatembea.

Sasa shuka Kitonga.

Unatoka Iringa, watu watano na mizigo, unateremka kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona kwa kona, mguu haujatoka kwenye breki. Pedi zinanuka. Joto linapita kwenye vyuma mpaka kwenye mafuta, mafuta yale yenye maji yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Unakanyaga, na kanyagio linashuka laini mpaka sakafuni kama umekanyaga godoro. Mbele yako kuna lori. Hapo ndipo mtu anapoita majina yote ya Mungu anayoyajua, na jina alilopaswa kuliita mapema ni la fundi wake.

Yabadilishe kila miaka 2. Haitumiki hata lita mbili, ni kazi ya saa moja. Na mlima ushuke kwa gia uliyopandia, kama walivyotufundisha wazee wa malori. Kwenye gari la otomatiki kuna L, kuna 2, kuna B, hazikuwekwa pale kwa urembo. Na wewe unayeweka nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta, njoo hapa mbele. Injini za kisasa, ukiachia kanyagio la mafuta ukiwa kwenye gia, zinakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inabidi inyunyize ili isizime. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi, na umeitupa breki ya injini uliyopewa bure.

Matairi. Nyumbani tunamwona mtu akilipiga tairi teke, basi amelikagua. Teke haliwezi kusoma upepo! Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna kibandiko kimeandikwa upepo wa mbele na wa nyuma, na gari likipakia. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu tairi la moto linasoma zaidi. Na likisoma zaidi njiani, usilipunguze. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka, linapata joto kwa ndani, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, juani, na mchele kwenye buti, linapasuka.

Kisha lisome umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 1416 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanasema lisizidi miaka 10 hata kama halina upara, maana mpira unazeeka ukiwa stoo. Ninyi mnaonunua matairi ya mtumba, mnatazama kashata tu, mnasema "hili bado jipya". Jipya? Piga magoti usome tarakimu! Muuzaji atakasirika, mwache akasirike. Na tairi la akiba, ukiwa umeinama hapo hapo, lipime pia. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo unaousafirisha bure.

Mengine nayapita mbio. Raba za waipa kabla ya masika. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri, uoshe kwa maji ya moto na uvae glovu. Chujio la hewa, hasa ninyi mnaokaa kwenye njia za vumbi, lichomoe ulikung'ute, na likichoka nunua jingine. Mkanda wa taimingi, kama gari lako lina mkanda na siyo mnyororo, kwa Toyota nyingi mwisho wake ni kilomita 100,000, na kwenye injini nyingine ukikatika valvu zinagonga pistoni na kupinda. Mafuta ya elfu kumi kila siku huku taa ya tangi inawaka: pampu inakaa ndani ya tangi, petroli ndiyo inayoipoza, unaikaanga. Hayo ninyi wenyewe mnayajua.

Lakini nataka niseme neno juu ya lawama. Gari likifa, wa kwanza kutukanwa ni fundi. Ni kweli wapo waliojifunza kwenye gari lako. Lakini wewe ulimwita lini? Ulimwita maiti ikiwa tayari imelala. Ukabishana naye bei ya mikono yake nusu saa, ukaenda mwenyewe Gerezani kununua pedi, ukauliza "ya bei ya chini kabisa ni ipi", ukamletea kitu kinachomeguka kama biskuti. Rahisi huvunja upishi. Omba kifaa cha zamani ukione kwa macho, kilinganishe na kipya, uliza maswali, umlipe mtu haki yake. Fundi anayeulizwa maswali hufunga boliti zote.

Na kumbuka gari hili limetoka wapi. Mengi yetu yamezaliwa Japani, nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Kule gari dogo jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na likishindwa haliruhusiwi barabarani. Nilipokuwa nasafisha gari langu baada ya ile aibu ya Hedaru, nilikuta kwenye fremu ya mlango kistika kidogo kilichofifia. Fundi wa huko alikuwa ameandika tarehe ya kumwaga oili na kilomita za safari ijayo. Mwaka ulikuwa wa hesabu yao ya enzi za wafalme, Heisei 22, ambayo ni 2010. Hakukuwa na kingine juu yake. Gari lile lilivuka bahari nzima, likashuka bandarini, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeliandikia hata mstari mmoja, mimi nikiwa wa mwisho katika foleni ya wasioandika. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikaona aibu kwa mtu wa Japani nisiyemjua.

Siku hiyo nilinunua daftari la shule, la kurasa 40. Linakaa kwenye droo ya dashibodi pamoja na kalamu. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, kilichobaki. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani? Mpe kijana wako simu, apige picha ukurasa na kuutafsiri. Kisingizio hicho kimekwisha.

Sasa Desemba inakuja. Najua mnavyojiandaa: nguo, mbuzi, kadi za harusi, nani atakaa kiti cha mbele. Gari linapelekwa kuoshwa jioni ya kuondoka. Nawasihi, ndugu zangu, lipelekeni kwa fundi wiki mbili kabla, siyo usiku ule, ili kikionekana kitu kuwe na muda wa kukitafuta. Stika ya usalama kwenye kioo haiongezi unene wa pedi. Watoto wanaolala kiti cha nyuma hawakuchagua dereva.

Na kwa leo nakuomba dakika kumi tu. Usisubiri Jumamosi, usisubiri mshahara, kijiti cha oili hakitozi kiingilio. Injini imelala usiku kucha, imepoa, ndiyo saa yenyewe. Chukua kitambaa kikuukuu. Funguo ziko juu ya friji, palepale ulipoziacha jana. Nenda ukafungue boneti.